Maji Yaliyozoleka

Maji yakimwagika hayazoleki:
msemo huo haukufika Kuusikoski.
Hapa baba yangu, Tenho, aliyamwaga kusudi
zamu ya usiku ilipokwisha kiwandani,
kwa mpira wa zimamoto alioazima bila kuomba,
na kulipokucha wapika karatasi kumi na wanane
wakasimama juu ya yale yaliyomwagika.

Ulikuwa mwaka hamsini na moja.
Jezi zilishonwa kwa mablanketi,
ziliwasha shingo kama upupu.
Klabu wakaiita Halla, yaani sakitu,
ile inayoua viazi mwezi wa nane.
Mama akauliza: mnaipa timu jina la adui?
Baba akasema: bora adui awe wetu.

Golini alikaa Aulis Kettukangas,
kijana wa kupasua magogo, uso wazi,
kwani barakoa ilikuwa ya waoga
na ya watu wa Helsinki.
Msimu wa tatu kisahani kikamng'oa meno mawili.
Moja lilipatikana.
La pili liligandia humo humo,
nasi watoto tulilitafuta kwa tochi,
matumbo juu ya barafu,
mpaka Aprili ikaja ikalimeza.

Miaka ya sitini ilipokaribia kuisha
likaja paa, ikaja mitambo inayogandisha hata Juni,
ukaja mshahara.
Bahasha ya kwanza Aulis aliihesabu mara mbili,
akairudisha kwa mhasibu:
"Mmekosea. Mimi nilikuwa nacheza."

Sabini na nane.
Sikuliona goli. Nilikuwa kibandani nauza soseji.
Nilisikia kwanza kimya,
mji mzima umebana pumzi,
kisha mabati ya paa yakatetemeka
na birika likanimwagikia mkononi.
Hili kovu ndilo kombe langu.
Lile la fedha lilizungushwa sauna kwa sauna,
likanywewa bia, likanywewa maziwa ya mgando,
na mtoto wa kina Leppävuori akabatizwa humo
mchungaji akijifanya haoni.

Baadaye benki.
Sipendi kuusimulia mwaka wa tisini na mbili.
Nitasema tu kwamba Ladislav, winga wa Kislovakia,
alilipwa marobota sitini ya karatasi za chooni,
akayapakia kwenye gari la kuazima
akayauza kituo hadi kituo mpaka bandarini.
Alituandikia kadi: zimeniisha Turku, asanteni.

Kisha wakaja mabwana wawili wenye viatu vyembamba.
Wakanunua leseni, jina, rangi ya buluu,
hata wimbo wa kuingilia uwanjani.
Halla ikahamia kusini, kwenye viti vya kukunja,
kwa watu wanaonunua viazi dukani.
Huko inashinda.
Naitazama kwenye televisheni
kama mtu anayekutana na mume wake wa zamani
kanyoa, kaoga, anacheka na wengine.

Kiwanda nacho kilizimwa siku ya Jumanne.
Harufu ya kabichi tuliyoilaani miaka yote
ikaondoka, na usingizi wangu ukaifuata.

Januari hii, nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri,
nimeuburura mpira wa maji hadi nyuma ya ghala.
Nina miaka sabini na saba na goti moja zima.
Watoto saba wananingoja na magongo,
magoli ni makreti ya maziwa.
Golini amejiweka Ifrah, binti wa muuguzi Msomali,
barakoa imemfunika mpaka kidevuni.
"Bibi Helka, ni kweli kuna jino humu chini?"

Moja lilipatikana, namwambia.
Sogea.
Nafungua maji.